Hanchifu ya Adui

Mimi si mtu wa kusamehe. Nimejaribu. Nimeenda kanisani nikapiga magoti mpaka suruali ikatoboka, nikamwambia Mungu, haya, huyu mtu nimekuachia wewe. Kabla sijafika mlangoni nikarudi mbio kumwambia nimeghairi, aniachie mwenyewe.

Huyo mtu ni MC wa matanga. Huku Kakamega MC tunamwita msema chochote, na huyu kweli alisema chochote. Ana sauti ya asali na Kiswahili kilichopigwa pasi. Mtu akifa, kuanzia Lumakanda kwenye mahindi mpaka Mumias kwenye miwa, familia humtafuta huyu kwanza, jeneza baadaye. Hata baba yangu alipofariki, wajomba walimtafuta yeye, wakamsifu kama mtu aliyetuletea mvua.

Baba alikuwa mtu wa madume. Upande wetu, fahali wa kupigana ana heshima kuliko mwalimu mkuu, na wa baba aliwahi kushinda dume lenye mabega mapana kama lori la miwa. Siku ya maziko wenzake walileta madume yao wakayazungusha bomani kwa filimbi na ngoma za isukuti, vumbi likafunika mahema, na mimi nikajua kwamba baada ya heshima kama hiyo ni zamu yangu, kifungua mimba, kumwaga maneno.

Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi wiki nzima mbele ya jiko langu la chapati. Nikashika maiki. Nikasema, "Baba yangu alikuwa fahali yetu."

Nilitaka kusema fahari. Fahari, kile kitu unachojivunia mbele ya watu. Lakini kwenye ulimi wa huku kwetu R na L ni mapacha waliovalishwa nguo moja, hata mama yao huwachanganya. Nikawa nimesema baba yangu alikuwa ng'ombe dume.

MC alikuwa amesimama kando yangu. Laiti angeninyang'anya ile maiki, ningempiga kichwa tukamalizana hapo hapo! Hakuninyang'anya. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu kama daktari anayepima homa, akasema kwa upole, "Taratibu, ndugu yangu. Taratibu." Vidole vyangu vikafunguka vyenyewe. Maiki ikawa yake. Kisha akatoa hanchifu nyeupe kwenye mfuko wa kifuani, akaifuta ile maiki, kichwa na shingo, bila haraka, kana kwamba maneno yangu yalikuwa yameacha kinyesi cha kuku pale. Ndipo akaisogeza mdomoni.

"Wafiwa, poleni. Tumearifiwa kwamba marehemu alikuwa fahali. Sasa mbona tumemlaza kwenye sanduku? Si tungempeleka mnadani?"

Watu wakacheka. Walikuwa elfu ishirini. Ukiniambia boma letu haliwezi kubeba watu elfu ishirini, nitakuambia hukuwepo.

"Na tena, ndugu yangu," akaendelea, "hatusemi fahali yetu. Tunasema fahali wetu. Hata ng'ombe ana ngeli yake."

Wakacheka mara ya pili, akamwita msemaji mwingine. Nikarudi kuketi karibu na mama. Yeye hakucheka wala hakulia. Jioni, watu walipotawanyika, alinisogezea sahani ya obusuma na kipande cha ingokho, kidari cha kuku chenyewe, akanitazama nikikivunja.

"Hukumaliza kusema," akaniambia.

Ni hayo tu. Hakuyarudia tena. Lakini ule ugali ulisimama kooni, na nadhani bado uko pale.

Kwa muda mrefu nilimwua MC kila asubuhi. Mimi hupika chapati Shirere, kwenye vyumba vya wanafunzi, na asubuhi kuna unga mwingi wa kukanda. Nilimkanda. Nikamkata matonge, nikamsukuma mpaka akawa duara, nikamtupa kwenye mafuta ya moto. Wanafunzi wakasema chapati zangu zimekuwa laini ajabu, mjomba unaweka nini siku hizi? Nikawajibu, naweka moyo wangu wote.

Kisasi cha kwanza cha kweli kilikuwa kuingia ngumbaru, shule ya jioni ya watu wazima. Niliacha masomo darasa la saba, na sasa nikaketi na wazee wa miaka mia mbili tukijifunza ngeli. Mwalimu alikuwa mama mmoja mstaafu asiyecheka. Nilipomwambia nimekuja kutafuta R, hakuuliza kwa nini.

"Washa pikipiki mdomoni," akasema. "Ulimi juu. Rrrr."

Niliiwasha ile pikipiki kila mahali, bafuni, sokoni, kwenye kwaya. Mke wangu alisema nikiwa usingizini napanda mlima wa Lugari na gia ya kwanza. Nilifuzu. Nina cheti, na R yangu leo ni safi, ukiipiga kwa ukucha inalia kama sahani ya kauri. Lakini cheti hakikumtoa MC kwenye matanga. Kila Jumamosi sauti yake ilipita juu ya migomba, na kila Jumamosi kuna mtu aliyeambiwa taratibu, ndugu yangu.

Sasa nitaje sinema, kwa sababu bila sinema ningekuwa bado nakanda.

Nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao, na mtafsiri aliyekaa kwenye kona akiwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, wanaume, wanawake na mbwa. Nimeona sinema za taharuki nyingi kuliko nywele zangu, jambo ambalo siku hizi si gumu. Shujaa tulimwita stelingi. Stelingi hafi, kila mtu anajua. Ukishajua stelingi hafi, unaogopa nini sasa? Jibu la swali hilo sikulipata kwa mtafsiri, nililipata kwa muuza njugu. Adui akiwa mtu wa kupiga kelele, wa miwani myeusi na kicheko cha ha ha ha, muuza njugu aliuza sana, watu wanatafuna na kupiga soga. Adui akiwa adui kweli, muuza njugu mwenyewe alikaa chini, karatasi za njugu magotini, mdomo wazi, hata ukimpa hela haoni.

Namkumbuka adui mmoja ambaye hakuinua mkono sinema nzima. Alikuwa anashona kifungo cha shati lake huku akimwuliza mtu aliyefungwa kwenye kiti ndugu yake amejificha wapi. Anatunga sindano, anauliza. Anavuta uzi, anauliza. Mtafsiri wetu alinyamaza, maana hapakuwa na cha kuongeza. Na yule wa kwenye kiti, mwigizaji ambaye sikumwona tena popote, hakupiga mayowe. Alikuwa anatazama sindano. Macho yake yalipanda na kushuka nayo. Hapo nilielewa kwamba sinema haibebwi na risasi. Inabebwa na adui anayekuogopesha kwa adabu, na mtu wa kumwogopa vizuri.

Lakini kile kilichonitoa jasho siku ile ni kwamba nilikuwa namjua. Upole ule niliufahamu. Ulikuwa umewahi kushika mkono wangu.

Basi wanafunzi wa Shirere, wengine wa huko Sigalagala, wakaanza kutengeneza sinema yao. Mwongozaji alikuwa kijana mrefu mwenye deni la usingizi, na alikuwa anakula kwangu. Hadithi yenyewe ilikuwa nzuri: mtu mmoja huenda kila matanga kuwafariji wajane, na baadaye mashamba ya wale wajane yanakuwa yake. Binti wa mjane mmoja anaanza kumfuatilia. Adui wao alikuwa mwendesha boda boda mwenye kifua kama kabati. Nilienda kuwatazama wakipiga picha. Yule kabati alipiga teke mlango wa mjane, akavua miwani, akacheka ha ha ha. Mlango ukaumia. Mimi nikatamani njugu.

Wiki iliyofuata yule kabati akaitwa kwao Lumakanda kuvuna mahindi ya mama yake, akaenda na miwani. Mwongozaji akaja kwenye jiko langu ameshika kichwa.

"Budaa, sinema imekufa. Hatuna adui."

"Adui ninaye," nikasema.

"Nani?"

Nikafuta mikono unga. Nikaweka kiganja changu juu ya mkono wake, ule ulioshika chapati. "Taratibu, ndugu yangu," nikamwambia. "Taratibu." Chapati ikatoka mkononi mwake bila ubishi. Nikachukua kitambaa cha begani, nikaifuta ile chapati, juu na chini, nikaing'ata.

Yule kijana alifuta kiganja chake kwenye suruali. Kisha akasema, polepole, "Ai. Hiyo imenifanya nijisikie mchafu."

"Umeona?"

Tukaurudia ule mlango. Hakuna teke. Nilibisha hodi. Nikavua viatu. Nikasalimia mpaka paka. Nikauliza ng'ombe wanakunywa maji wapi siku hizi, kisima bado kina maji? Mjane aliigizwa na msichana anayesomea mapishi, mwembamba, aliyezeeshwa kwa lesso na majivu. Kwenye hadithi anaanza kumpigia binti yake simu. Nikaweka mkono wangu juu ya wake. "Taratibu, mama yangu." Nikaichukua simu, nikatoa hanchifu nyeupe niliyoinunua kwa kazi hiyo, nikaifuta, kisha nikaiweka sikioni na kumwambia binti yake kwamba mama amelala, asiwe na wasiwasi.

Ule mkono wa mjane ukabaki hewani, vidole vimekunjika kana kwamba simu bado imo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilipouona nilisahau mstari wangu, kwa sababu huo ulikuwa mkono wangu mwenyewe, siku ya baba. Binti wa watu ameutoa wapi? Baadaye nikamwuliza.

"Sijui, mjomba," akasema. "Uliichukua kwa heshima sana, nikaona nikiifuata nitakuwa mimi ndio mkosa adabu."

Msomaji, hapo ndipo MC anapoua. Na mimi niliyebeba ugali kooni miaka yote ile sikuwa nimepata maneno ya kulisema jambo hilo.

Siku ya uzinduzi ilipokaribia, mwongozaji alinijia na habari njema. Wamepata ukumbi, mchana wa Jumamosi, na wamemkodi MC bora kabisa katika kaunti nzima. Akanitajia jina. Nilicheka mpaka unga ukaniingia puani, nikapiga chafya, jiko likazimika. Sikumwambia lolote. Jioni hiyo nilimwambia mama ajitayarishe, tunaenda sinema.

"Mimi? Nitaona nini huko?"

"Utaona mtu unayemjua."

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, ambako walikuwa wametundika mablanketi ili kuzuia jua. Mama nilimketisha mstari wa mbele, na kilemba chake cha kanisani, mimi nikaketi mistari michache nyuma yake. MC akapanda jukwaani na suti yake ya kijivu, akapokea maiki kutoka kwa mwanafunzi, akatoa hanchifu, akaifuta. Kichwa na shingo. Hakuna aliyecheka. Nani acheke? Alikuwa akifanya hivyo tangu enzi na enzi, ilikuwa kama kukohoa. Akatukaribisha kwa maneno matamu, akaketi kwenye kiti cha pembeni kilichogeuzwa nusu kwa watu, nusu kwa sinema. Taa zikazimwa.

Wengine walitazama sinema. Mimi nilitazama uso wake, ukiwa bluu na mweupe kwa mwanga wa ile picha.

Mlango ulipobishwa, alitabasamu. Viatu vilipovuliwa, akacheka kidogo, akaegemea nyuma. Nilipoweka mkono juu ya mkono wa mjane, kicheko kikakwama njiani. Hanchifu ilipotoka, mkono wake ulipanda wenyewe mpaka mfuko wa kifua ukatulia pale, kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Ulikaa hapo mpaka mwisho.

Mbele yangu mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kwa sauti inayosikika Vihiga. "Huyu mwanamume namjua. Anasemanga hivyo hivyo. Ni wapi?"

"Nyamaza tuone."

"Woi! Si ni yule wa matanga!"

Ile woi ilitembea benchi kwa benchi. Watu wakaanza kugeuza shingo, sinema, kiti cha pembeni, sinema. Na bado walikuwa wanaogopa! Hilo ndilo lililonishangaza. Walijua ni nani, na kila hanchifu ilipotoka walivuta pumzi. Binti stelingi alipopigana mwishoni walipiga makofi ya heshima tu, maana stelingi hafi. Lakini adui alipokamatwa, akawekewa pingu, akaomba afute zile pingu kwanza, ukumbi ulipasuka. Blanketi moja lilianguka kutoka dirishani, nakuapia, kwa kelele tu.

Taa zikawashwa. MC akasimama. Mwanafunzi akampa maiki. Na mkono ule, mtumwa wa miaka mingi, ukaenda mfukoni. Ncha nyeupe ikachungulia.

"Taratibu, ndugu yangu!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Taratibu!" ukumbi mzima ukaitikia.

Nimewahi kusikia kicheko. Nilikisikia bomani kwetu. Hiki kilikuwa kikubwa zaidi, kilikuwa cha watu laki moja. Aliirudisha ile ncha mfukoni. Akasogeza maiki mdomoni hivyo hivyo, haijafutwa, ina joto la mkono wa mtu mwingine, na sauti iliyotoka haikuwa asali. Ilikuwa sauti ya mzee anayeuliza njia.

"Sasa tumwite… tumwite huyu adui wetu, aseme neno."

Nikapanda. Nikajaribu kumtazama machoni. Alijua. Sijui kama alikumbuka boma letu hasa, maana amewafuta wengi, lakini alijua kwamba nimetoka kwenye mojawapo ya maboma yake. Akanipa maiki.

Ile hanchifu ya kazi nilikuwa nayo mfukoni. Watu walikuwa wananingoja. Ukitaka nikuambie kwamba nilimhurumia nikaiacha, funga hii hadithi ukasome nyingine. Niliitoa. Nikaikunjua mbele ya pua yake. Nikafuta kichwa, nikafuta shingo, sikuacha hata kijitundu, na watu wakapiga mabenchi kwa ngumi.

Kisha nikangoja. Wakanyamaza wote. Nikamtafuta mama pale mbele.

Nilikuwa na ile R. Iliniuma ulimini, imenolewa, tayari. Ningeweza kusema fahari mpaka nzi wadondoke. Lakini niliyaona yale madume yakizungushwa bomani, vumbi kwenye pembe, na nikafikiri, fahari ni neno la mtu yeyote. Baba wa karani ni fahari. Mtu aliyelala zizini na dume lake kabla ya pigano ni nini?

"Baba yangu," nikasema, "alikuwa fahali wetu."

Kwa L, pana kama mlango wa kanisa. Na wetu, kwa ngeli yake, kama nilivyofundishwa bure mbele za watu.

Hapakuwa na aliyecheka. Mzee mmoja wa upande wetu, kule nyuma, alipiga filimbi kwa vidole, ile ya kuwaita madume. Mwingine akaitikia. Mama alirekebisha kilemba, na nikamwona akisema kitu kwa jirani yake. Jirani aliniambia baadaye ni nini.

"Amemaliza."

Nilidhani baada ya hapo ningemsahau yule mtu. Sikumsahau. Wiki chache baadaye, asubuhi, alikuja kwenye jiko langu bila suti, sweta tu. Wanafunzi wakasogea wakimwachia nafasi, wengine wakiuma midomo. Akaagiza chapati mbili.

"Siwezi kuitoa tena," akasema, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo. "Juzi kule Sigalagala nilipiga chafya tu. Chafya! Nikatoa hanchifu, watu wakacheka. Mjane mwenyewe akacheka."

Nikageuza chapati.

"Ulinishika vizuri," akaendelea. "Lakini ulikosea. Wewe unaikunja mara moja. Mimi huikunja mara mbili, halafu tena. Na ni mkono wa kushoto."

"Najua," nikasema. "Nilikuwa karibu."

Hapo akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza nadhani. Nilingoja. Kulikuwa na neno moja, neno dogo, ambalo huwaambia wafiwa wote kila Jumamosi na halimgharimu chochote. Nilimpa nafasi ya kutosha. Mafuta yalilia, chapati ikaanza kuungua upande mmoja, na mimi sikuitoa.

"Maharagwe yapo?" akauliza.

"Yapo."

Nikachukua sahani safi. Nikavuta kitambaa begani, nikakikunja mara mbili, halafu tena, nikaifuta ile sahani kwa mkono wa kushoto, taratibu. Kisha nikamwekea ile iliyoungua.